Watoto Hawaendi Penye Mvinyo

Voi,
14 Aprili 1996

Wifi yangu Wakio,

Salamu zikufikie huko Kericho kwenye baridi, na zikukute umevaa soksi. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila joto na vumbi, na hivyo si ugonjwa. Mvua ilikuja siku mbili ikatukimbia. Mume wangu Ishaq bado analalamika mgongo na bado hataki kumwona daktari. Waleed wako ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mbele ya watu. Miaka sita tu, na maringo yote ya babake anayo. Firdaus anakaribia mitatu na mdomo haufungi. Ukimwuliza jina anakujibu "Fidausi binti Amin" kwa sauti ya kadhi. Natamani marehemu ndugu yangu Amin angemsikia.

Sasa nikuambie lililonikalisha kuandika. Kakako Reuben aliteremka kutoka Sagalla juzi. Anasema kuna hoteli ya watalii itakayofanya tamasha la vyakula na mvinyo hapa Voi mwezi wa Agosti, pale uwanjani. Wageni watakuja na mvinyo wao wa chupa, na kila upande wa Taita Taveta ulete vyakula na vinywaji vyake. Watu wa Sagalla wataleta asali, kimanga cha muhogo na maharagwe ya kuponda, na mbangara, ile pombe yenu ya miwa. Na babako, Mzee Sylus, anataka Waleed na Firdaus wakae naye kwenye banda lao siku nzima, awaonyeshe kwa watu.

Nilimpa Reuben chai na mahamri, akala akashiba, kisha nikamwambia hapana. Watoto wa Amin hawaendi penye mvinyo. Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukaisikia kwa mwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Na jengine. Mwisho wa mwaka unamaliza chuo, unakuwa mwalimu kamili. Utapangiwa wapi? Na watoto itakuwaje? Nauliza tu.

Miye wifi yako,
Mwanarusi


Kericho,
9 Mei 1996

Kwa wifi yangu Mwanarusi,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe Ishaq zake, umwambie mgongo hauponi kwa kulalamikiwa. Mimi ni mzima. Hapa mvua inanyesha kila siku mchana mpaka nguo zinanuka zikiwa kwa kamba. Tuko kwa mazoezi ya kufundisha, nimepewa darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati. Wananiita "Mwalimu wa Pwani" na mimi nimetoka mlimani. Nimeacha kuwasahihisha.

Busu watoto kwa niaba yangu. Jino la Waleed liwekwe, nataka kuliona.

Wifi, kuhusu tamasha sikubaliani na wewe, na nitasema wazi kwa sababu tumeheshimiana tangu siku ya kwanza. Amin alinioa akijua mimi ni Mkristo. Tulipatana watoto wawe Waislamu, na neno hilo sijalivunja hata siku moja. Nimekuachia watoto wangu miaka miwili sasa. Wanasoma madrasa kwako, wanakula kwako, wanalala kwako. Lakini hakuna mahali tulipatana kwamba hawatamjua babu yao. Waleed ameshaonana na baba yangu mara ngapi tangu Amin afariki? Firdaus hata sura yake haijui.

Hakuna mtu atawapa pombe. Ni siku ya chakula. Watoto waende wakaone watu wa kwao wakipika. Nakuomba, na pia nakuambia.

Ni mimi,
Wakio


Voi,
2 Juni 1996

Wifi Wakio,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Salamu zako Ishaq kazipata na kanuna. Firdaus alipata homa siku mbili, sasa hajambo, amerudia kelele zake.

"Nakuomba, na pia nakuambia." Wallahi umejifunza ualimu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akauliza kulikoni.

Haya. Nimefikiri. Hawatakwenda na Reuben, kwa sababu Reuben akikutana na rafiki husahau hata viatu vyake. Watakwenda nami. Na mimi siendi mahali kukodoa macho, kwa hiyo nimeomba meza. Meneja wa ile hoteli ameniandikisha "vyakula vya Waswahili wa Voi". Nitapika viazi karai, bajia, kaimati, na sharubati ya ukwaju. Wageni watakunywa mvinyo wao huko, na huku kwangu watakunywa kitu cha maana. Watoto watakaa nyuma ya meza yangu. Babako akitaka kuwaona, miguu anayo, aje awaone. Kwenye mapipa ya mbangara hawafiki, na hilo halina mjadala.

Swali langu la mwaka kesho hukulijibu. Labda halikuonekana, nimeliandika chini sana. Nalirudia kwa herufi kubwa: ukimaliza chuo, watoto watakaa wapi?

Mwanarusi


Kericho,
20 Julai 1996

Kwa wifi yangu,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Mimi mzima. Nafurahi Firdaus amepona. Mpe kijiko cha asali ukiwa nayo.

Nimefurahi sana kuhusu meza. Wanawake wenzangu chuoni nimewasomea kipande cha meneja, wakasema wifi yangu angekuwa mbunge. Nimewaandikia nyumbani wajue kwamba watoto watakuwa kwako, na baba atakuja kuwasalimia. Mruhusu awashike mkono. Ni hilo tu naomba.

Swali lako nimeliona.

Wakio


Voi,
26 Agosti 1996

Wakio,

Sina salamu ndefu leo. Watoto wazima, Ishaq mzima, mimi mwenyewe nimekonda kwa hasira. Nakueleza mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, usije ukaambiwa kwamba wifi yako ni kichaa.

Tulifika uwanjani asubuhi. Nilimvalisha Waleed kanzu nyeupe ya Idi na Firdaus gauni la njano. Kulikuwa na watu, si mchezo. Watu wa Taveta walileta ndizi za kila namna, wa Njukini maharagwe na mahindi, na pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kikamba aitwaye Kalondu na sufuria la muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa, linalotosha harusi. Mbele kabisa kulikuwa na hema la hoteli lenye vitambaa vyeupe, na wageni wameshika bilauri za mvinyo, wanazinusa kwanza kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha wanaonja tone na kutema kwenye ndoo. Waleed akaniuliza, "Shangazi, kama si kitamu kwa nini hawaachi?" Nilimwambia asiwaangalie.

Nakuambia kweli, mpaka adhuhuri nilikuwa na raha. Kaimati ziligombaniwa. Mzungu mmoja alikuja mara tatu kwa ukwaju, na mvinyo wake akausahau mezani kwangu, nikaumwaga nyuma. Reuben alituletea kimanga kutoka banda lenu, na Firdaus alikila kwa mikono miwili mpaka nywele zikajaa. Hata mimi nilionja. Kitamu, sikatai.

Babako hakuja. Nilimngoja. Nilisema moyoni, akija nitampa kiti changu. Hakuja.

Kisha wakaja wanunuzi kundi zima. Waleed akaniomba kikombe cha ukwaju, nikampa, nikageukia bajia zisiungue. Kugeuka tena, mtoto hayupo. Wakio, nilimwachia Kalondu Firdaus na meza yote, nikakimbia na upawa mkononi. Nilipita hema la mvinyo nikaangalia mpaka chini ya meza zao. Hayupo. Nikafika banda la Sagalla, na unajua nilikuta nini?

Mwanao amesimama katikati ya wazee, mapipa ya mbangara nyuma yake. Babako yuko mbele yake, mashavu yamejaa. Ananena maneno ya Kisagalla, kisha puu! anampulizia mtoto. Ananena tena, anapiga funda tena, puu! Kanzu ya Idi imejaa madoa ya hudhurungi toka kifuani mpaka chini. Mtoto wa Amin, yatima, anatemewa pombe kama mti wa mizimu!

Nilimnyakua. Nilisema, na kila mtu alisikia, "Mzee mzima na mvi zako, haya huna?" Babako aliweka kikombe chini, akaniangalia tu. Nilimkosha Waleed bombani pale pale, analia, nami nalia, tukafunga meza tukarudi nyumbani kabla ya alasiri.

Nilikuambia watoto hawaendi penye mvinyo. Ulisema hakuna atakayewapa pombe. Kweli hawakupewa, walimwagiwa. Basi Sagalla hawapandi, na Sagalla isishuke kwangu. Na ukimaliza huko chuoni ukitaka kuja kuwachukua uwapeleke wakaishi kwa mambo hayo, uniambie mapema, nijue pa kuuweka moyo wangu.

Mwanarusi


Kericho,
3 Oktoba 1996

Kwa wifi yangu Mwanarusi,

Natumaini nyote ni wazima, na kwamba hasira imekuachia nafasi ya kula. Nimechelewa kwa makusudi. Sikutaka kukujibu kwa hasira, kwa hivyo nilimwandikia Reuben kwanza anieleze alichoona kwa macho yake, na jibu lake limefika juzi. Sasa nisikilize mpaka mwisho, na uketi.

Kile baba alifanya kinaitwa kutasa. Ni cha wazee wetu. Wachungaji hawakipendi sana, na baba huenda kanisani kila Jumapili na bado hutasa. Mtu akitaka kubariki mtoto, au kuombea mvua, au kupatana na ndugu, lazima kwanza atoe hasira iliyo ndani ya moyo wake. Anapiga funda, anataja jambo lililomuuma, anapuliza nje. Yale yanayotoka kinywani ni kinyongo chake mwenyewe. Kwetu mtu mwenye kinyongo hambariki mtoto, atamdhuru. Wazee hutumia mbangara, ndiyo. Lakini pia juisi ya miwa. Pia maji.

Wifi, ulinusa?

Pua yako inajua nazi iliyolala, inajua samaki wa jana akiwa bado kwa kikapu cha mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa wapi? Reuben anasema Waleed alifika bandani na kikombe chake, akamsalimia babu yake kwa adabu uliyomfunza, akamnyooshea akisema, "Babu, kunywa, Shangazi ametengeneza." Wazee walikuwa wamemjazia baba kibuyu cha mbangara, tayari kutasa. Baba alikisukuma kando. Aliwaambia, "Huyu ni Mwislamu, mtaniharibia mtoto." Akatumia kikombe cha Waleed. Mtoto alipuliziwa ukwaju wako, Mwanarusi.

Na sasa lile ambalo sikutaka kukuandikia, lakini umenifikisha. Hasira ya baba ilikuwa juu yenu. Siku Amin alipofariki, Reuben alipanda mlima kwa miguu kuwaambia. Baba alikusanya ukoo, wakachukua mbuzi, wakatembea usiku wote washuke kumzika mkwe wao. Walipofika asubuhi walipata kaburi limeshafunikwa tangu jana jioni. Kwetu mtu hazikwi mpaka wakwe wamefika. Baba alijua tu kwamba hamkumngoja, na alinyamaza kwa sababu msiba haukuwa wake peke yake. Ndiyo maana hakuja kwa meza yako. Angekujaje kukaa kiti chako na lile jambo bado liko kooni? Alitaka alitoe kwanza.

Alikuwa bado analitoa ulipomwita mtu asiye na haya.

Wakio


Voi,
10 Novemba 1996

Wifi yangu Wakio,

Salamu nyingi, za kweli. Huku mvua za vuli zimeanza vizuri na mji mzima unanuka udongo. Ishaq hatimaye alikwenda kwa daktari, akaambiwa apunguze kukaa, sasa ananung'unika akiwa wima. Waleed ameota jino jipya, kubwa kuliko mdomo wake. Firdaus amejifunza alfabeti hadi herufi ya jim na hapo amegoma.

Habari za kanzu sitaki tuzizungumze. Doa limetoka.

Lakini haya ya mazishi ulikaa nayo miaka yote hiyo, Wakio, ukanyamaza? Nami nilikaa na yangu. Kwetu maiti hawekwi. Amin aliondoka alfajiri, akazikwa baada ya swala ya alasiri, na hata mama yangu mzazi angekuwa safarini asingengojwa. Mimi niliangalia njia ya Sagalla mchana kutwa. Nilisema, mbona hawaji? Walipokuja kesho yake na mbuzi wao, nikasema, hawa wamekuja kula. Hivyo ndivyo nilivyowaza juu ya mtu aliyetembea usiku kucha kuja kumlilia ndugu yangu. Na hakuna aliyemwuliza mwenziwe.

Baada ya barua yako sikupata usingizi mzuri wiki nzima. Jumamosi nikapiga moyo konde, nikawavalisha watoto, nikapika pilau ya mbuzi, nikapanda Sagalla. Miguu yangu hii, Wakio! Firdaus mgongoni, Waleed mbele anaimba. Babako alikuwa anapalilia. Alipotuona aliweka jembe chini akanawa mikono muda mrefu sana.

Nilimwomba radhi kabla sijaketi. Akasema, "Mama, mimi sikuwa na neno na mtoto. Nilikuja kuzika mkwe wangu nikapata mchanga. Sasa yameisha. Yalibaki kidogo, lakini nilimalizia nyumbani."

Nikamwambia mimi ninayo yangu, na sijui niyapeleke wapi. Akamtuma mamako alete maji, maji matupu kwenye kikombe cha bati. "Sema," akaniambia, "kisha toa." Nilikaa na kile kikombe nikaona tabu. Mimi si wa kutasa, Wakio, na sitakuwa. Lakini kinywa nimekisukutua tangu utotoni, kila nikitawadha. Nikatoka nje mwenyewe nyuma ya nyumba, nikasema yangu kwa sauti, hakuna aliyesikia ila kuku wenu. Nilisema nina hasira na Amin kwa kufa akiwa kijana akaniachia watoto niwapende hivi. Nilisema nina hasira na mama yao, kwa kuwa ipo siku atarudi na mimi sina haki ya kumzuia. Nikasukutua, nikatema, nikamalizia udhu wangu, nikaswali adhuhuri kwenye kanga uani kwa Mzee Sylus. Niliporudi ndani Waleed alikuwa mapajani mwa babu yake anaonyeshwa namna ya kurina asali, na Firdaus amelala kwa mamako, mdomo wazi.

Mzee akawatasa wote wawili kwa maji, mbele yangu. Nilisema amina.

Sikuulizi tena. Watoto ni wako. Njoo uwachukue, popote watakapokupangia, na nitawafungia nguo zao mimi mwenyewe. Nililia njia nzima ya kuteremka, na nakuambia kwa kuwa Waleed atakuambia.

Wifi yako akupendaye,
Mwanarusi


Kericho,
25 Novemba 1996

Kwa wifi yangu mpenzi,

Barua yako nilisoma bwenini, na wenzangu wakadhani nimepata msiba. Mimi ni mzima. Nimemaliza mitihani yote na nimefunga sanduku. Baba ameandika, mara ya kwanza tangu nije huku. Anasema pilau yako imekwisha na watu bado wanaiongea.

Umesema yako, acha na mimi niseme yangu. Mwezi wa Februari nilipiga simu dukani kwa Ishaq, ukamweka Firdaus kwa simu. Nilimwambia, "Ni mama." Akasema, "Mama yuko hapa," akakupa wewe simu. Wewe ulikuwa na wateja, hukusikia alichosema. Mimi niliongea na wewe habari za karo na hali ya hewa, kisha nikaenda kulala na viatu. Nilikukasirikia, wifi. Ulikuwa unanisaidia, unalea watoto wangu nisome, na nilikuwa na hasira nawe kila siku ya Mungu. Ndiyo sababu swali lako sikulijibu. Nilitaka usijue. Nilitaka na wewe ulale na hofu ya kuwakosa, kama mimi.

Leo asubuhi nimesimama bombani nikaisema yote, nikaitema. Maji ya hapa ni baridi sana.

Jibu ni hili. Nimepangiwa shule ya msingi hapo hapo Voi. Niliomba Voi mwezi wa Machi, kabla hujaniuliza mara ya kwanza. Sikuwahi kuomba mahali pengine.

Kwa hivyo usifunge nguo za mtu. Nitafutie nyumba mtaa wenu, ya vyumba viwili inatosha, lakini isiwe mbali. Nataka niwe ninasikia unavyowagombeza.

Ni mimi,
Wakio